Bomba la Povu: Tulipokee au Tulikatae?

Mwajua ya kuwa siku wazazi wanapokuja kututembelea, sisi wa Kidato cha 5 huosha magari yao, na fedha zipatikanazo hutiwa katika mfuko wa vitabu. Sasa kaka zetu waliokwisha kumaliza shule wametuahidi zawadi: mashine ya umeme isukumayo maji kwa nguvu, pamoja na bomba lake la kupulizia povu, kama zile tuzionazo katika vituo vya kuoshea magari hapa Kampala. Chama chetu cha mijadala kimekwisha kulibishania jambo hili jioni nzima, na kelele zilikuwa nyingi kuliko hoja. Napenda kusema yangu hapa gazetini, ambapo hakuna wa kunipigia makofi wala wa kunizomea.

Kwanza povu lenyewe. Wengi wadhani kuwa povu jingi ni usafi mwingi. Sivyo. Povu ni maji ya sabuni yaliyochanganywa na hewa, basi. Ndani ya bomba mna wavu mdogo wa waya. Maji na hewa hulazimishwa kupita humo pamoja, nayo hutoka meupe kama pamba. Faida yake ni kukawia. Maji matupu yakimwagwa ubavuni mwa gari huteremka mara moja, lakini povu hung'ang'ania pale dakika kadhaa, likalilowesha vumbi na kulilegeza, hata maji ya kusuuzia yanapokuja huliondoa kwa wingi kabla mkono wa mtu haujaligusa gari.

Kwetu sisi jambo hilo si dogo. Gari litokalo vijijini kule Luweero au Mubende hufika limevaa vumbi jekundu tangu magurudumu mpaka paa. Ndani ya vumbi lile mna chembe za mchanga, nazo ni ngumu kuliko rangi ya gari. Mtu ashikaye kitambaa kilicholowa akaanza kusugua juu yake, huyo haoshi, anapiga msasa. Litazameni gari lolote jeusi lioshwalo kila siku kwa ndoo moja na kitambaa kimoja: likisimama juani utaona mikwaruzo imezunguka kama utando wa buibui. Ndugu mmoja wa upande wa kupinga alituambia kwamba babu yake aliiosha Peugeot yake kwa ndoo miaka 30. Nakubali. Lakini hakutuambia rangi ya Peugeot hiyo ilikuwaje mwishowe.

Kwa hiyo siwaungi mkono waliosema povu ni mapambo tu. Hata hivyo walioitetea mashine walipita kiasi. Povu haliondoi lami wala mafuta yaliyogandamana, wala tope lililokauka chini ya magurudumu. Hayo yangali yanataka mkono. Likiachwa likaukie juani huacha madoa, na jua letu la saa 7 halingoji mtu. Wapo pia wanaotia sabuni ya unga ya kufulia, tena kwa ukarimu, ili povu lipendeze macho. Sabuni hiyo huivua rangi nta yake na kuikausha mikono ya mwoshaji. Na ule wavu wa waya nilioutaja huziba kwa sabuni iliyoganda kama bomba halikusuuzwa baada ya kazi. Sijui kama sisi tunaosahau hata kuosha brashi za rangi tutakumbuka.

Tena mashine yataka umeme, na umeme wetu hukatika. Yataka maji yaliyo tayari bombani, kiasi cha lita 6 au zaidi kwa dakika. Ni kweli kwamba hayo ni machache kuliko ya mpira ulioachwa wazi, lakini mtu mwangalifu mwenye jerikeni 2 aweza kuosha gari dogo likatakata. Zaidi ya yote, sisi tuna siku 3 za wazazi kwa mwaka. Siku zinazobaki mashine italala stoo pamoja na ile taipureta.

Lipo bomba jingine ambalo halikutajwa hata mara moja. Ni chupa ya lita 1 au 2 yenye pampu ya mkono: wasukuma hewa mara kadhaa, wabonyeza, povu latoka. Si zito kama lile la mashine, nalo huteremka upesi zaidi. Lakini gari likimwagiwa maji kwanza, latosha kabisa kulegeza vumbi. Halitaki umeme, na mwanafunzi wa Kidato cha 1 aweza kulifungua akalisafisha.

Lakini kwa maoni yangu jambo lililo kubwa kuliko hayo ni hili: povu likisha kuteremka garini, laenda wapi? Shule yetu iko upande wa kilima ambao maji yake hushukia mfereji wa Nakivubo. (Walio upande wa Bwaise maji yao huenda Lubigi, kisha kwa safari ndefu hufika Naili; wasidhani wamepona.) Mfereji wa Nakivubo wapita katikati ya mji, waingia katika kinamasi, halafu katika ghuba ya Murchison ya Ziwa Viktoria. Na katika ghuba hiyo hiyo, pale Ggaba, ndipo Shirika la Taifa la Maji livutapo maji ya kunywa ya mji huu, ingawa siku hizi mengine hutoka Katosi. Yaani tunachokimwaga mferejini Jumapili, wengine huvuta gharama kukisafisha, nasi hukinywa. Gari halitoi sabuni tu. Hutoa mafuta, grisi na udongo. Tena sabuni nyingine zina fosfati, ambayo ni chakula cha magugu maji, yale yaliyoizingira bandari ya Port Bell katika miaka ya 1990. Sisemi kwamba waosha magari ndio waliosababisha hayo. Maji ya vyoo na udongo wa mashamba yana sehemu kubwa zaidi. Lakini kwa kuwa wengine wamwaga zaidi, je, nasi tumwage?

Basi ombi langu kwa kaka zetu ni hili. Mtupe mabomba 2 ya mkono, na fedha zitakazobaki zitengeneze sakafu ya saruji yenye mteremko, iishie katika kisanduku cha saruji ambamo mchanga utazama chini na mafuta yataelea juu, na maji ya katikati yapite kwa bomba hadi shimo lililojazwa mawe. Mafuta yatachotwa yawekwe katika debe, na mchanga uzolewe kwa koleo kila baada ya siku ya wazazi. Sabuni tutaipima kwa kifuniko cha chupa.

Shimo tutalichimba wenyewe katika likizo ya muhula wa 2, ikiwa Mkuu wa Shule ataturuhusu kutumia mahali palipo nyuma ya karakana. Majembe tunayo, saruji na mabomba ndivyo tusivyokuwa navyo.