Ubaguzi usiohitaji mwenye chuki

Ubaguzi wa rangi hutafutwa mno moyoni mwa mtu, na kwa nadra kwenye mafaili. Hilo ni kosa kubwa. Mtu akimtukana mwenzake kwa rangi yake hutakiwa aombe radhi; akishaomba, mjadala hufungwa, ilhali taratibu zinazogawa nyumba, shule na mikopo hazijaguswa.

Wanasosholojia wa mkabala wa kimuundo huanzia kwenye taratibu hizo. Mwaka 1967 mwanaharakati Stokely Carmichael, baadaye Kwame Ture, na mwanasayansi wa siasa Charles Hamilton walitenganisha ubaguzi wa mtu binafsi na ule wa taasisi. Mwaka 1997 Eduardo Bonilla-Silva akaongeza hoja nzito: jamii ikishawapanga watu kwa rangi, walio juu hunufaika, hivyo wana sababu ya kuulinda mpango huo, wawe na chuki au wasiwe nayo.

Ushahidi ulio wazi ni ramani za Marekani za miaka ya 1930. Shirika la serikali la mikopo ya nyumba, lililoundwa mwaka 1933, lilichora ramani za miji zaidi ya 200 na kupaka nyekundu mitaa iliyohesabiwa kuwa hatari kwa mkopeshaji. Karibu kila mtaa wa Weusi uliangukia humo. Shirika jingine, la mwaka 1934, likakataa kudhamini mikopo katika mitaa ya namna hiyo. Kwa familia ya kawaida ya Marekani nyumba ndiyo akiba kuu, kwa hiyo aliyenyimwa mkopo alinyimwa pia cha kuwarithisha wanawe. Sheria ya 1968 ilipiga marufuku ubaguzi katika makazi. Haikufidia urithi uliokwisha kukosekana.

Mkabala wa kifasiri huuliza watu wanaipaje rangi maana. Mwanasosholojia Mweusi wa Marekani, W.E.B. Du Bois, mwaka 1903 alieleza jinsi Mweusi anavyolazimika kujitazama kwa macho ya wanaomdharau. Herbert Blumer, mwaka 1958, alionyesha kuwa chuki ya rangi hutokana na jinsi kundi zima linavyojiona kuwa na nafasi yake, na kuhofia kuporwa nafasi hiyo.

Kuzigombanisha nadharia hizi ni kupoteza wakati. Ramani zile zilichorwa na wakadiriaji walioitazama ngozi ya wakazi wakaona hasara. Fasiri yao ikageuka sera, sera ikafukuza mikopo, nyumba zikachakaa kwa kukosa fedha za matengenezo, na mkadiriaji aliyefuata akazihesabu nyumba hizo kuwa uthibitisho kwamba Weusi hushusha thamani ya mtaa.