Ukame haukuichoma Riketa

Kila damu inapomwagika Tana River, hakosi msemaji wa kutueleza kwamba wafugaji na wakulima wa huko wamepigana tangu enzi za mababu, na kwamba ukame ukizidi lazima wauane. Wakenya wengi wameamini hivyo. Mimi nasema ni uongo, tena uongo unaowakinga wauaji.

Alfajiri ya 22 Agosti 2012, kundi kubwa lenye mapanga na mikuki liliivamia Riketa, kijiji cha wafugaji Waorma. Waliuawa karibu watu 50, wengi wao wanawake na watoto, baadhi wakiteketezwa ndani ya nyumba zao. Septemba 10 ikawa kijiji cha Kilelengwani: watu 38, tisa kati yao polisi. Desemba ikawa Kipao. Hadi Januari 2013 waliokufa walikuwa zaidi ya 150, Waorma kwa wakulima Wapokomo.

Mfugaji akizibiwa malka, ile njia ya ng'ombe kufikia mto, atagombana na aliyeiziba. Mkulima akilishiwa mahindi yake atamwandama mwenye mifugo. Ugomvi huo upo, kuanzia Nanighi kuteremka hadi Garsen, na wazee wa pande zote mbili wanajua kuumaliza kwa kikao na faini. Lakini kumfuata mtoto mchanga alikolala na kumkatakata si ugomvi wa maji. Kuna mtu aliyewakusanya vijana wale, akawaonyesha kijiji na kuwapangia saa.

Tena huo ukame wenyewe unakataa kusingiziwa. Mwaka 2011 Pembe ya Afrika ilipigwa na kiangazi kikali mno na mifugo ikafa kwa maelfu, lakini Riketa haikuchomwa mwaka ule. Ilichomwa mwaka uliofuata, miezi michache kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, ambao kwa mara ya kwanza ungeipa kaunti gavana wake na fungu lake la fedha. Na wakati huo ardhi ya delta ya mto Tana ilikuwa imeshamezewa mate na wawekezaji wa miwa na jatrofa, huku wenyeji wengi hawana hati yoyote. Nani angebaki na ardhi, nani angekuwa na kura nyingi: hayo ndiyo yaliyokuwa yakipimwa.

Rwanda nayo, mwaka 1994, ilisemwa kuwa ni makabila yanayochukiana tangu kale. Mwezi huohuo wa Aprili mauaji yalipoanza, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapunguza walinda amani wake huko hadi 270. Anayeamini kwamba mauaji ni hali ya hewa hatafuti mtu wa kumkamata.

Tume ya Jaji Grace Nzioka iliundwa kuchunguza mauaji ya Tana na ikasikiliza mashahidi. Ripoti yake isomwe hadharani Garsen, Hola na Nanighi, mbele ya waliofiwa wa pande zote, na kila ambaye ushahidi unamgusa afikishwe mahakamani, hata kama leo ni mheshimiwa.