Kubainisha Si Kutaja

Swali linasema: bainisha sifa za Sudi. Mtahiniwa anaandika: jasiri, mzalendo, mwenye msimamo, mtetezi wa haki. Siku nyingine anaulizwa kuhusu Tunu, naye anaandika: jasiri, mzalendo, mwenye msimamo, mtetezi wa haki. Funika majina kwa kidole. Je, utajua ni nani anayezungumziwa? Kwa maoni yangu, mtahiniwa huyo hajabainisha chochote. Ametaja tu.

Kitenzi bainisha kina ukoo mmoja na bayana, na pia baina, neno tunalolitumia tukisema "baina ya huyu na yule". Kubainisha ni kulifanya jambo liwe wazi kwa kulitenga na lile linalofanana nalo. Ulishalifanya hili katika somo la sauti. /p/ na /b/ zote ni vipasuo, zote hutamkiwa midomoni. Ukiishia hapo hujazitenganisha. Ni mghuno unaozitenga: /b/ ni ghuna, /p/ si ghuna. Ndiyo maana tukaiita sifa bainifu.

Sasa rudi Sagamoyo, katika tamthilia ya Kigogo. Ujasiri wa Sudi ni wa kukataa. Anaahidiwa malipo achonge kinyago cha shujaa kinachotakiwa na utawala wa Majoka, naye ana mke na watoto wanaohitaji kula, hakubali. Keki ya uhuru inaletwa, Boza anaila, Sudi haigusi. Ujasiri wa Tunu ni wa kutoka na kuongoza. Anawahamasisha watu, anaandamana, anavamiwa na kuumizwa mguu, na bado anarejea kwenye mapambano. Neno "jasiri" linawafaa wote wawili. Sentensi inayolifuata ndiyo inayobainisha.

Najua utaniambia kwamba alama hutolewa kwa sifa na mfano wake, basi. Sawa. Wala sikukatazi kuisoma orodha ya sifa iliyo katika kila mwongozo, huu ukiwemo. Lakini mfano ulioukariri bila kuuelewa utakutupa siku swali litakapokutaka ulinganishe wahusika wawili.

Jingine ni dogo, ila huwakwaza wengi. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza, kwa hasira kidogo, kwa nini swali linamtaka amsifu Majoka ilhali ni katili. Kusifu ni kitenzi kingine kabisa. Sifa katika fasihi ni tabia, njema au mbaya. Majoka ana sifa tele, na karibu zote ni za aibu.

Kabla ya kufungua ukurasa unaofuata, fanya zoezi hili. Andika sentensi moja kuhusu ubinafsi wa Majoka na nyingine kuhusu ubinafsi wa Kenga, mshauri wake. Kisha badilisha majina. Sentensi zote mbili zikibaki za kweli, zifute uandike upya.