Tunamtaka daktari mwanamke, lakini binti wa nani asome?



Leo sizungumzii shela wala hina. Nataka tuzungumze jambo ambalo mabiharusi wengi hulitaja wanapokuja kupimwa nguo, kisha wakifika nyumbani hulinyamazia: masomo yatakuwaje baada ya harusi?

Msimamo wangu nautoa mapema. Sisi wanawake wa visiwani tukienda hospitali, swali letu la kwanza ni, "Yupo daktari mwanamke?" Ni haki yetu, na stara ni katika dini yetu. Lakini daktari huyo haoti kama mchicha. Ni binti wa mtu aliyeachwa asome miaka mingi, na mara nyingi ni mke wa mtu pia. Hatuwezi kumtaka yeye huku wa kwetu tunawakatiza skuli.

Nitawapa mfano wa Sangeeta Bhatia wa Marekani. Ni mhandisi, ni daktari, na ni mama wa mabinti wawili. Alizaliwa Boston mwaka 1968, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka India. Alipokuwa sekondari, baba yake, mhandisi, alimchukua hadi chuo cha MIT kumwonyesha maabara ya rafiki yake, ambako mawimbi ya sauti yalikuwa yakitumika dhidi ya uvimbe wa saratani. Hapo binti akaona kuwa uhandisi unaweza kutibu watu.

Hakuchagua kimoja akaacha kingine. Alipata udaktari wa falsafa MIT mwaka 1997, na udaktari wa tiba Harvard mwaka 1999. Faida yake ikaonekana kwenye kazi. Seli za ini zikitolewa mwilini hudhoofika upesi. Yeye alichukua ufundi wa kutengeneza chipu za kompyuta, akazipanga seli hizo kwa mpangilio maalumu pamoja na seli za kuzisaidia, zikaendelea kufanya kazi kwa wiki kadhaa. Fundi cherehani atanielewa: kitambaa ni kile kile, ukibadilisha mkato nguo inakaa. Ini hizo ndogo hutumika kujaribia dawa, na hata kuchunguza vimelea vya malaria, ambavyo hupitia kwenye ini kabla ya kuingia katika damu.

Kazi yake nyingine inatuhusu zaidi sisi wanawake. Ni chembe ndogo mno, kama mara elfu moja kuliko upana wa unywele, zilizovishwa vipande vya protini na kudungwa mwilini kwa sindano. Uvimbe wa saratani hutoa vimeng'enya, na hivyo huvikata vile vipande kama mkasi. Vipande vilivyokatwa ni vidogo kiasi cha kupita kwenye figo, vikatoka na mkojo. Mwaka 2014 yeye na wenzake walionyesha kuwa mkojo huo unaweza kusomwa kwa kijikaratasi, kama kipimo cha mimba. Mwaka 2017, kwa panya wa maabara, waligundua saratani ya ovari ikiwa na vivimbe vya chini ya milimita 2.

Hebu fikirini. Saratani ya ovari hujificha. Dalili zake ni tumbo kujaa, kushiba upesi, maumivu ya nyonga, mambo ambayo sisi huyaita gesi tukanywa tangawizi. Wengi hugundulika wamechelewa. Kipimo cha mkojo hakimvui mtu nguo.

Lakini nisieleweke vibaya. Kipimo hicho bado kinafanyiwa utafiti, hukipati hospitali ya wilaya. Usikingoje. Ukihisi uvimbe kwenye titi, au damu isiyo ya kawaida, nenda wiki hii. Asipokuwepo daktari mwanamke, masheikh wametufundisha kuwa dharura ina hukumu yake. Haya isiwe sababu ya kuacha watoto wako yatima.

Najua mtaniambia, "Huyo ni Marekani, na wazazi wake ni wasomi." Kweli. Mama yake ni miongoni mwa wanawake wa mwanzo nchini India kupata shahada ya uzamili ya biashara, na MIT si ya kila mtu. Ila baba kumshika bintiye mkono akamwonyeshe maabara, hata ile ya kituo cha afya cha karibu, si jambo la kitajiri. Na mume kumwacha mke amalize mwaka mmoja uliobaki hakuhitaji pesa za Marekani.

Kwa hiyo biharusi, kama unasoma au unataka kusoma, sema kabla ya nikaha, si baada ya fungate. Mwambie walii wako, alifikishe kwa upande wa mume kama sharti, na liandikwe. Muulizeni kadhi namna ya kuliweka sawa kisheria. Mwanamume mwenye nia njema hatalikimbia, na atakayelikimbia ni bora umjue nguo haijakatwa.

Na nyinyi mama zangu wenye mabinti wanaopenda hesabu na sayansi, msiwaambie wachague kati ya kitabu na ndoa. Siku moja ni wajukuu zenu watakaouliza pale dirishani kama yupo daktari mwanamke.

Wassalam.