Tuna wafiwa, mbona hatuna wauguliwa?

Kiswahili ni lugha yenye adabu kubwa mbele ya kifo. Kitenzi "kufa" kikinyambuliwa hutupa "kufia", kisha "kufiwa", na kutokana na "kufiwa" tukapata nomino "mfiwa", yaani mtu aliyeguswa na kifo cha mwenzake. Jina hilo likishatamkwa kijijini, kila mtu hujua wajibu wake. Wanawake huleta kuni, maji na unga. Vijana husimamisha hema. Wazee huunda kamati. Mwenye gari huombwa gari. Mfiwa hatarajiwi hata kuwasha moto wake mwenyewe.

Kitenzi "kuugua" nacho hunyambulika vivyo hivyo. Tunasema "nimeuguliwa na mama", na kila msikilizaji huelewa kwamba ugonjwa umo mwilini mwa mama, ilhali mzigo wake umemwangukia msemaji. Sarufi inaturuhusu kabisa kuunda nomino "muuguliwa". Hata hivyo, sijaisikia ikitumiwa sokoni, kanisani wala katika baraza la chifu. Nionavyo mimi, pengo hilo si la msamiati tu. Ni ishara ya kasoro katika mpango mzima wa maisha yetu: jamii hufika kwa wingi siku ya mazishi, baada ya kumwacha mtu mmoja peke yake katika miezi na miaka iliyotangulia.

Msomaji anaweza kunikumbusha kwamba tunalo neno "muuguzi". Ni kweli, na historia ya neno hilo inafunza. "Kuuguza" kuna umbo la kutendesha, lakini maana yake si kumfanya mtu augue, bali ni kumtunza anapougua. Kwa asili yeyote aliyekaa kando ya kitanda cha mgonjwa alikuwa akiuguza. Leo jina "muuguzi" limechukuliwa na mwenye sare, cheti na mshahara, na ni haki yake. Lakini yule aliyebaki nyumbani ameachwa bila jina. "Mlezi" ni wa mtoto, na shuleni hupatikana katika fomu ya karo. "Mhudumu" yuko hotelini. "Mtunzaji" huweza kuwa wa bustani au wa ghala. Matokeo yake ni kwamba binti anayemwosha baba yake aliyepooza huitwa binti tu, na mke huitwa mke, kana kwamba kazi wanayoifanya ni sehemu ya ukoo wao, si jasho lao.

Tuchukue mfano wa Chwele, katika Kaunti ya Bungoma, kwenye nchi inayopanda kuelekea Mlima Elgon. Soko la Chwele ni miongoni mwa masoko makubwa ya wazi magharibi mwa Kenya. Ndizi, vitunguu, nyanya na kuku wa vijiji vya karibu huuzwa hapo, na wachuuzi hufika kutoka Bungoma, Kimilili na hata Kitale. Familia nyingi hupanga mapato yao kwa kufuata siku ya soko. Sasa mtu mmoja nyumbani akipatwa na kiharusi, akapooza upande mmoja, hesabu hiyo yote huvurugika. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hupaswa kugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi ili asipate vidonda vya kulalia. Hiyo ni mara 12 kwa siku moja, usiku ukiwemo. Kuna uji wa kunyweshwa kwa kijiko, shuka za kufuliwa, maji ya kutekwa, na siku ya kliniki bodaboda ya kutafutwa pamoja na mtu wa pili wa kumshikilia mgonjwa asianguke.

Mama aliyekuwa akiuza vitunguu ana njia mbili. Akibaki nyumbani, chumvi na sabuni vitatoka wapi? Akienda sokoni, nani abaki? Aghalabu anayebaki ni msichana wa gredi ya 7 au ya 8. Hapo ndipo jambo hili linapoingia darasani, ingawa rejista ya mwalimu huandika neno moja tu: hayupo.

Wachumi wameanza kuyapima haya, japo kwa kuchelewa. Katika Kongamano la Dunia la Wanawake lililofanyika Nairobi mwaka wa 1985, mataifa yalikubaliana kwamba kazi ya wanawake isiyolipwa itambuliwe na juhudi zifanywe kuipima katika hesabu za uchumi wa nchi. Kenya, iliyokuwa mwenyeji, ilisubiri hadi mwaka wa 2021 ndipo Shirika la Takwimu la Taifa lilipofanya uchunguzi wake wa kwanza wa jinsi wananchi wanavyotumia saa zao. Ilibainika kwamba wanawake hutumia katika kazi za nyumbani na za kutunza watu takriban mara 5 ya muda unaotumiwa na wanaume. Mnamo mwaka wa 2018, Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba binadamu hutumia saa bilioni 16.4 kila siku katika kazi za aina hii zisizolipwa, sawa na watu bilioni 2 wakifanya kazi saa 8 kwa siku bila ujira.

Sheria zetu zinasemaje? Katiba ya 2010, katika kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kupata matunzo na usaidizi unaofaa kutoka kwa familia yake na Dola. Familia imetajwa kwanza, Dola ikafuata. Lakini familia si mtu. Familia haina mgongo unaouma wala macho yanayokesha. Ukiuliza ni nani hasa katika familia, utaonyeshwa mwanamke mmoja. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi likizo anapougua yeye mwenyewe, inampa mama miezi 3 ya uzazi na baba wiki 2. Haina likizo ya kuuguza. Chini ya mpango wa Inua Jamii, nyumba yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kutunzwa mchana na usiku, ikisajiliwa, hutengewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Hizo hazifiki shilingi 70 kwa siku, nazo ni za mahitaji ya mgonjwa. Anayemtunza huandikwa katika mpango huo ili aende kuzipokea kwa niaba yake. Kazi yake mwenyewe haina safu katika fomu.

Wengine husema kwamba kutaja malipo au majina katika jambo la utu ni kuiga Wazungu. Hoja hii ingekuwa na uzito kama Wazungu wangekuwa wamezaliwa na utaratibu walio nao. Nchini Uingereza, ilikuwa ni mwaka wa 1965 ambapo Mary Webster, mhudumu wa kanisa aliyeacha kazi ili awatunze wazazi wake, alipoanzisha chama cha wanawake wasioolewa wenye mzigo kama wake. Posho ya serikali ikaja mwaka wa 1976, lakini wake walioolewa wakanyimwa, kwa dhana kwamba wangekuwa nyumbani vyovyote vile. Ilibidi mwanamke mmoja, Jacqueline Drake, aliyemtunza mama yake mzazi, afike hadi mahakama ya Ulaya ndipo ubaguzi huo ukakoma mwaka wa 1986. Mwaka wa 2001, sensa ya huko ikauliza kwa mara ya kwanza ni nani anayemtunza mwenzake bila malipo. Walianza kwa kukutana, wakapata jina, ndipo sheria ikafuata.

Tena tuna kinaya kingine karibu nasi. Kati ya Februari 2022 na Julai 2025, Uingereza ilifungua mlango kwa watunzaji kutoka ng'ambo, na vijana wa Afrika Mashariki wakawa miongoni mwa walioutafuta. Kumgeuza mzee kitandani mjini Leeds ni kazi yenye mkataba na mshahara. Kumgeuza mzee yuleyule kitandani Chwele ni kukosa la kufanya. Ujuzi ni ule ule, na uchovu ni ule ule.

Je, tufanyeje? Sidhani kwamba dawa ya kwanza ni fedha, ingawa fedha zinahitajika. Dawa ya kwanza ni zamu. Waswahili husema mkono mmoja haulei mwana. Basi hauuguzi mzee pia. Na jambo la kutia moyo ni kwamba utaratibu tunaouhitaji tayari tunao, ila tunauanzisha tukiwa tumechelewa. Matanga ya Wabukusu yana mpangilio ambao ofisi nyingi zingeuonea wivu. Kuna mweka hazina, kuna daftari la michango, kuna wa kupika na wa kulala na wafiwa. Mzee wa heshima akizikwa, huitwa msemaji wa kumuse, ambaye huwakumbusha walio hai historia yao na namna ya kuishi pamoja. Kamati ya namna hii ikiundwa miaka 2 mapema, wakati mzee angali hai na anahitaji kugeuzwa usiku, itakuwa imemsaidia yeye pamoja na anayemtunza. Majirani 6 wakijitolea nusu siku kila mmoja kwa wiki, mama wa vitunguu atarudi sokoni na binti yake atarudi shuleni.

Mfano wa kikundi kinachounganisha afya na akiba hauko mbali. Tangu mwaka wa 2012, mradi wa Chamas for Change, uliozaliwa katika ushirikiano wa AMPATH baina ya Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Moi mjini Eldoret na vyuo vya Marekani, umewakusanya akina mama wajawazito na wenye watoto wachanga wa magharibi mwa Kenya, wakiwemo wa Trans Nzoia. Hukutana wakiongozwa na wahudumu wa afya wa jamii, hujifunza habari za uzazi na malezi, na huweka akiba pamoja. Sioni kizuizi kinachofanya chama kama hicho kisiundwe na wauguliwa wa Chwele, Kabuchai au Kimilili. Sharti moja tu lizingatiwe: siku ya mkutano awepo mtu wa kukaa na mgonjwa, la sivyo tutakuwa tumemwita mtu asiyeweza kuja kisha tukamlaumu kwa kutofika.

Serikali nayo ina pa kuanzia. Mnamo Septemba 2023 ilizindua wahudumu wa afya wa jamii zaidi ya 100,000, kila mmoja akitengewa takriban nyumba 100, kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi zilizopaswa kutoka nusu kwa serikali kuu na nusu kwa kaunti. Wahudumu hawa huingia nyumbani na kuuliza nani anaumwa. Waongeze swali la pili: nani anamuuguza, na je, yeye alilala jana? Jibu liandikwe na lifike hospitalini. Kaunti ya Bungoma ikishajua idadi, itaweza kupanga viti vya magurudumu, magodoro ya wagonjwa na mafunzo ya namna ya kumwinua mtu bila kuumiza mgongo. Sensa ya 2019 ilitueleza kwamba Bungoma ina watu 1,670,570, na ikahesabu wenye ulemavu nchini kote. Ile itakayofuata, inayotarajiwa mwaka wa 2029, iwahesabu pia wanaowatunza. Ila tusimtwike mhudumu wa afya kila kitu, kwa maana yeye naye mara nyingi ni mwanamke mwenye posho ndogo na wagonjwa wake nyumbani.

Wanaume wenzangu hawawezi kukwepa. Tunajua kuchimba kaburi usiku kucha pasipo kulipwa, kwa sababu mila imetuambia hiyo ni kazi yetu. Hakuna mila inayokataza mikono hiyo hiyo kumnyanyua mgonjwa akiwa hai. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Uzito wake huujua siku unapoubeba.

Nanyi walimu, mkimwona mwanafunzi anakosa masomo kila siku ya soko, kabla ya adhabu muulizeni kuna nani nyumbani. Mkimjua, zungumzeni na mzee wa mtaa na kanisa, na mtengeni muda wa kufidia alichokikosa. Nanyi wanafunzi mnaobeba siri hii kwa aibu, isemeni. Hakuna aibu katika kuuguza. Aibu ni ya jamii inayojua kuchanga kwa ajili ya jeneza na isijue kuchanga kwa ajili ya godoro.

Neno peke yake halimgeuzi mgonjwa. Lakini lisilo na jina haliombewi zamu kanisani, halitengewi bajeti katika bunge la kaunti, wala halihesabiwi na karani wa sensa. Neno "muuguliwa" limo katika sarufi yetu, linangoja kutumiwa. Tulitamke mapema, wakati mgonjwa bado anaweza kusikia majirani wakibisha hodi.