Miradi Yetu ya "Waja Leo, Waondoka Leo"

Hapa Tanga ukitaja bomba, watu wanawaza mafuta ghafi, kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Chongoleani. Ukitaja kontena, wanawaza bandarini. Sisi wa kompyuta nasi tuna bomba letu na kontena zetu, ila wengi tunahitimu bila kuzigusa. Nasema hili libadilike.

Tusidanganyane. Mradi wa mwaka wa mwisho unaandikwa miezi kadhaa, unaoneshwa mbele ya jopo siku moja, kisha unazikwa kwenye flashi. Ukiuhamishia mashine nyingine hauwaki: toleo la hifadhidata ni tofauti, au kuna kitu hakijasakinishwa. Mwenyewe anajitetea, "Mbona kwangu ilikuwa inafanya kazi?" Waja leo, waondoka leo.

Bandari yetu iliujua ugonjwa huu. Gatini kina kilikuwa mita 3 tu, hivyo meli kubwa zilitia nanga mbali, mzigo ukashushwa kwenye matishari, halafu ukashushwa tena nchi kavu. Kazi moja mara mbili. Baada ya maboresho kina ni mita 13, gati lina urefu wa mita 450, na meli inafunga moja kwa moja. Sisi bado tunabeba programu kwa matishari.

Bomba lenyewe si uchawi. Unatuma msimbo kwa Git, mtambo kama Jenkins unaamka na kufanya majaribio. Likifeli hata moja, safari inaishia hapo. Yakifaulu yote, programu inafungwa ndani ya kontena pamoja na kila inachohitaji, kisha Kubernetes inaiendesha kwenye klasta. Jina hilo ni Kigiriki, maana yake mshika usukani. Inawasha toleo jipya kidogo kidogo huku ikizima la zamani. Ukiwa umeielekeza jinsi ya kupima afya ya programu, toleo jipya likigoma la zamani linaendelea kuhudumia, nawe unarudi nyuma kwa amri moja.

Najua utetezi: wingu linalipiwa kwa dola, na bumu halitoshi hata bando. Kweli kabisa. Tena Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, wote tuliona intaneti ilivyosuasua. Lakini hizo ni sababu za kujenga klasta humu humu chuoni. Kubernetes ni programu huria tangu 2014, na k3s, toleo lake jepesi, inatosha kwenye kompyuta za maabara zenye RAM ya GB 4. Mashine nne zilizowekwa kando, swichi na UPS, basi. Kontena za msingi zikihifadhiwa ndani, waya ukikatika kazi inaendelea.

Kwa hiyo serikali yetu ya wanafunzi ipeleke idarani maombi mawili. Kwanza, tupewe hizo mashine. Pili, jopo lisipokee mradi usioweza kujengwa upya kutoka Git mbele ya macho yao. Mwaka wa kwanza itauma, na sapu zitakuwepo. Lakini ukimtengenezea mvuvi wa Deep Sea mfumo wa mnada wa samaki, hatasubiri uje na flashi kila ukiharibika. Na wewe ukishahitimu, mdogo wako wa mwaka wa pili aukute unatembea, auendeleze.