MAONI: Umepasuliwa mguu? Acha ushujaa wa kubeba ndoo

Kijana mwenzangu, ukiruhusiwa kwenda nyumbani baada ya upasuaji wa mguu, maagizo huwa machache: usiukanyagie hadi daktari akuruhusu, uinue kila unapokaa, usiloweshe kidonda. Ni maneno mepesi ukiwa wodini, ambako chakula huletwa kitandani. Ugumu huanza ukifika kwa keja yako Kawangware au Kangemi, orofa ya nne, mfereji ukiwa mkavu tangu Jumanne.

Hapo ndipo wengi wetu, hasa wavulana, huharibu kazi ya daktari. Tumelelewa tukiamini kwamba kuomba msaada ni kujishusha. Basi unampata kijana aliyetiwa vyuma mguuni baada ya ajali ya boda boda akiruka kwa mguu mmoja, ndoo mkononi, eti hataki kusumbua majirani. Huo si ushujaa. Kupona ni kazi, na kama kazi nyingine yoyote, inapangwa na kugawanywa.

Hebu piga hesabu. Mtungi wa lita 20 ukijaa una uzani wa takriban kilo 20. Mikono yako yote miwili imeshika magongo. Mtungi utaubeba kwa meno? Ukianguka ngazini, mfupa uliounganishwa unaweza kuachana tena, nyuzi zinaweza kufumuka, nawe ukarudishwa chumba cha upasuaji. Pesa za kumwongeza mwenye mkokoteni ili akupandishie maji hadi mlangoni ni kidogo mno ukilinganisha na bili ya pili ya hospitali.

Kama upasuaji una tarehe, panga nyumba mapema. Vitu vya juu ya kabati vishushe. Kunja mkeka na zulia, maana gongo likinasa hapo umekwisha. Tafuta stuli ya kukalia ukipika na kuosha vyombo. Chai huwezi kuibeba kwa kikombe ukiwa kwa magongo; imimine kwenye chupa, ifunge vizuri, itie kwa begi la mgongoni. Begi hilo ndilo mkono wako wa tatu.

Kuoga nako kuna mpango. Keti kwenye kiti cha plastiki, mguu uegemeze kwenye kiti cha pili, uufunike kwa nailoni na kufunga juu ya plasta. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ipigwe marufuku Agosti 2017, juala halipatikani ovyo, kwa hivyo nunua kipande cha nailoni mapema.

Kuhusu choo, watu huona haya kusema, lakini mimi nitasema. Choo cha kuchutama na mguu mmoja havipatani. Kiti cha plastiki kilichokatwa tundu katikati, kikawekwa juu ya shimo, kitakuokoa. Na kama choo ni cha ploti nzima, omba sakafu ikaushwe kabla hujaingia, kwani mpira wa gongo huteleza vibaya kwenye simiti yenye maji.

Ngazi nazo zina kanuni yake. Ukipanda, tanguliza mguu mzima. Ukishuka, tanguliza magongo na mguu mgonjwa. Ukihisi kizunguzungu, keti upande au ushuke kwa makalio. Nani atakucheka ambaye atakulipia hospitali?

Sasa tuje kwa msaada wenyewe. Ukisema "nisaidieni jameni", kila mtu atadhani mwingine ameenda. Taja mtu na kazi: wewe niletee maji Jumamosi, wewe ukitoka kazini nipitie kwa mama mboga, wewe nisindikize kliniki. Nguo mpe mama wa kufua. Zungumza na landilodi pia. Chumba cha chini kikiwa wazi, mwombe uhamie huko kwa miezi miwili. Akikataa, angalau uliuliza.

Nanyi marafiki, wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Ujumbe wa "pona haraka bro" hauoshi sufuria. Nenda, panda hizo ngazi, osha vyombo, jaza mitungi, kisha ndipo mpige stori.

Siku ya kliniki, epuka matatu za asubuhi ya kukimbilia kazi. Iwe ni namba 46 au 23, mwambie makanga mapema kwamba gari lisiondoke kabla hujaketi. Kama unakoenda ni katikati ya jiji, piga simu kwanza uulize iwapo lifti inafanya kazi, kwa sababu majengo mengi ya zamani pande za River Road ni ngazi tupu.

Ukikwama chini ya ngazi hizo, kumbuka kwamba Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote na kutumia uchukuzi wa umma ipasavyo. Wewe unaonja shida hiyo kwa wiki chache tu. Kuna jirani yako anayeishi nayo kila siku, na huenda hujawahi kumbebea hata mtungi mmoja.

Mwisho, kuna mambo ambayo hayangoji jirani wala Jumamosi: vidole vikibadilika rangi au kufa ganzi, kidonda kikitoa harufu au usaha, ukipata homa, ndama ya mguu ikivimba na kuuma, au pumzi ikikatika. Hapo rudi hospitali mara moja, hata kama ni usiku.

Kwa hivyo kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, andika majina matatu kwa simu yako: wa maji, wa sokoni na wa kliniki. Wapigie leo, ungali una miguu miwili.